Skeitibodi Katika Uwanja wa Kanisa: Ni Huduma au Ni Chambo?

"Ninasimamia vijana katika kanisa letu hapa Changamwe, Mombasa. Mwaka jana wageni walituachia skeitibodi 8, zile mbao za kutelezea zenye magurudumu, na tangu hapo kila Jumamosi jioni wavulana wasiopungua 20 hukusanyika katika uwanja wetu wa kuegesha magari. Wengi si washirika wetu, na kama theluthi yao ni Waislamu. Mchungaji anataka kila mtoto asikilize mahubiri kwanza ndipo apewe ubao. Baadhi ya wazee wa kanisa wanasema huu ni mchezo wa wahuni, na kwamba mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyeokoka. Majuma mawili yaliyopita mvulana wa miaka 13 alivunjika mkono hapo uwanjani, na mama yake hajarudi kuzungumza nasi. Yupo mfadhili aliye tayari kutujengea rampu. Je, niendelee? Na kama ni kuendelea, niendeleeje?"

Ndugu yangu katika Bwana, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu limetua pale pale, kwa mama ambaye hajarudi kuzungumza nanyi. Mengine uliyouliza nitayajibu, lakini nitamalizia kwake, kwa sababu jinsi mtakavyomwendea mama huyo ndivyo mtaa wenu utakavyojua nyinyi ni watu wa namna gani. Hofu yako, kama nimeielewa, ni kwamba huenda mnacheza tu huku mkijiita wahudumu, na papo hapo unaogopa kwamba mkilazimisha mahubiri mtawapoteza watoto ambao Jumamosi jioni hawana mahali pengine pa kwenda. Nimefanya kazi na vijana wa Pwani kwa miaka 19, kwanza kwa mpira na baadaye kwa skeitibodi, na jibu langu nakupa mapema: endelea, ila msiutumie ubao kama chambo.

Nianze na wazee, kwa kuwa nao wanastahili kujibiwa kwa heshima. Mchezo huu ulianzia California katika miaka ya 1950, pale watelezaji wa mawimbi walipofunga magurudumu kwenye mbao ili wateleze nchi kavu siku ambazo bahari imetulia. Katika miaka ya 1970, ukame ulipoyaacha matupu mabwawa mengi ya kuogelea ya majumbani, vijana walianza kuruka nyua za watu na kuteleza ndani ya mabwawa hayo bila ruhusa, na sifa ya uhuni imeuandama mchezo tangu siku hizo. Hayo ni kweli, na usiwabishie wazee wakiyasema. Waambie pia kwamba skeitibodi imo katika Olimpiki tangu michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na kisha waalike waje Jumamosi moja waketi kivulini na kutazama kwa macho yao.

Wana hoja nyingine iliyo nzito zaidi, ingawa huenda hawajaitamka. Changamwe si mtaa wa barabara tulivu. Malori ya makontena yanakwenda na kurudi bandarini Kilindini mchana na usiku, na mvulana aliyejua kusimama juu ya ubao kwa juma moja tayari anatamani kudandia nyuma ya tuktuk. Kwa hiyo ubao wa kanisa usitoke nje ya lango kwa sababu yoyote, na atakayeonekana akidandia gari apumzishwe mwezi mzima, hata kama ndiye hodari kuliko wote. Wazee wakiona sharti hilo linashikwa bila upendeleo, nusu ya malalamiko yao itakwisha.

Ama kuhusu kwamba hakuna aliyeokoka, nitakusimulia jambo ambalo bado linaniuma. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi hii, niliandaa mashindano ya mpira ya siku tatu. Jioni ya mwisho yalitolewa mahubiri, mikono zaidi ya 60 ikainuliwa, nami nikaihesabu na kuiandika katika ripoti ya wafadhili. Miezi mitatu baadaye nilipowatafuta wale vijana, niliowapata wakiwa bado wanaifuata njia waliyosema wameichagua walikuwa wawili tu. Wengine waliniambia waziwazi kwamba waliinua mikono kwa sababu walisikia jezi zingegawiwa baada ya maombi. Sikuwahesabu kuwa waongo, kwa maana mimi ndiye niliyewafundisha kwamba mkono ulioinuliwa ni bei ya jezi.

Watu watakutajia Christian Hosoi, na ni vyema umjue kabla ya kutajiwa. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa wanaskeitibodi maarufu kabisa duniani, kisha dawa za kulevya zikamwangusha, akakamatwa mwaka 2000 akizisafirisha kwenda Hawaii, na huko kifungoni akaanza kuisoma Biblia hadi akaokoka. Alitoka mwaka 2004 na baadaye akawa mchungaji kusini mwa California. Ushuhuda huo hutumiwa sana kuonyesha kwamba skeitibodi huwaleta watu kwa Yesu. Mimi husikia jambo jingine ndani yake: ubao ulikuwa miguuni mwake miaka yote aliyopotea, naye aliokokea mahali ambapo hapakuwa na ubao.

Basi ubao una kazi gani? Hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo huduma yenu ilipo. Katika mpira, kocha husimama kando na filimbi, na kijana hukimbia saa nzima asipate nafasi ya kuzungumza na mtu mzima zaidi ya kuambiwa arudi nyuma alinde. Skeitibodi haina filimbi wala mabao. Kijana hushughulika na mruko mmoja, kwa mfano ule wa msingi uitwao oli, ambao mguu wa nyuma huupiga mkia wa ubao chini kwa ghafla na mguu wa mbele ukaukwangua ubao kuelekea ncha yake ya mbele ili usawazike hewani, na wengi huhitaji majuma au hata miezi kuupata. Maana yake ni kwamba ataanguka mbele ya wenzake mara nyingi kuliko alivyowahi kuanguka mbele ya mtu yeyote, na kila baada ya kuanguka ataketi ukingoni apumzike na kungoja zamu. Kwa kuwa watoto 20 wanagawana mbao 8, sehemu kubwa ya jioni yenu haipitii juu ya magurudumu hata kidogo. Inapita pale ukingoni, bega kwa bega, wote wakitazama mbele, na mvulana asiyeweza kusema neno akitazamwa usoni huanza kusema.

Jumamosi moja nilikuwa nimemshika kiwiko mvulana mwembamba aliyekuja na ndala, nikamwazima raba zilizomzidi kidogo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa juu ya bolti za mbele, wa kulia ukiisukuma sakafu, na vidole vyake vilikuwa vimeung'ang'ania mkono wangu hata kucha zikaacha alama. Nilivihisi vikilegea kimoja baada ya kingine. Akaenda mita tatu hivi peke yake, akashuka, akageuka kuhakikisha kwamba nimeona. Siku ile hakuniambia neno. Juma la sita, tukiwa tumeketi ukingoni naye akilizungusha gurudumu kwa kidole, aliniambia kwamba baba yake aliondoka nyumbani tangu mwezi uliopita na kwamba hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Aliniambia juma la sita kwa sababu nilikuwapo juma la kwanza, na la pili, na yote yaliyofuata. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba alifurahi kuwapa si Injili peke yake bali na nafsi yake pia, na sijapata njia nyingine yoyote iliyodumu katika kazi hii. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wangapi wameokoka, jiulize ni watu wazima wangapi katika kanisa lenu wanaoyajua majina ya hao wavulana 20, na ni wangapi kati yao watakaokuwapo uwanjani Jumamosi kama hii mwakani. Kama jibu ni wewe peke yako, hilo ndilo tatizo la kwanza la kupeleka kwa mchungaji.

Mchungaji wako ana nia njema, na yapo makanisa yanayofanya karibu na hivyo anavyotaka. Skatechurch ya Portland, Oregon, iliyoanzia katika uwanja wa magari wa kanisa mwaka 1987, imejulikana kwa kusimamisha mchezo ili Biblia ifunguliwe, na wapo watu wazima leo wanaoshuhudia kwamba walimjua Mungu hapo. Siwezi kulidharau tunda hilo. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kusema wazi langoni kwamba hapa Biblia husomwa, na kuushikilia ubao nyuma ya mgongo mpaka mtoto amalize kusikiliza. Sisi wa Pwani tunalijua dema: samaki huingia kwa hiari yake akifuata chambo, ila kutoka hawezi. Mtoto akigundua kwamba ubao umefungwa kwenye mahubiri, atayavumilia mahubiri kama tunavyoivumilia foleni ya feri ya Likoni, akili yake ikiwa tayari ng'ambo. Paulo huyo huyo anasema katika waraka wa pili kwa Wakorintho kwamba ameyakataa mambo ya siri na ya aibu, wala haenendi kwa hila, nami ningemwomba mchungaji aisome sura ya nne pamoja nawe kabla hamjaamua.

Sisemi mfiche imani yenu, maana kuficha nako ni hila. Wekeni kibao langoni kinachosema kwamba hii ni huduma ya kanisa fulani, kwamba kuteleza ni bure kwa kila mtoto, na kwamba saa kumi na moja kuna robo saa ya neno na maombi kwa anayependa. Itakapofika robo saa hiyo, wanaotaka waketi pamoja upande mmoja wa uwanja, na asiyetaka anywe maji yake kwa amani bila kupoteza zamu yake. Mwanzoni watakuja wanne au watano, na mchungaji atavunjika moyo. Mwambie avumilie, maana hao wanne watakuwa wamekuja kusikia.

Kuhusu watoto wa Kiislamu nitasema bila kuzunguka. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu uhuru wa dini na kinakataza kumlazimisha mtu kutenda lolote lililo kinyume cha imani yake, na hao ni watoto, ambao malezi yao yamo mikononi mwa wazazi. Nendeni nyumbani kwao, mpige hodi, mjitambulishe kwa jina la kanisa lenu, mweleze robo saa ile ni ya nini, na mzazi achague. Pangeni saa zisizogongana na madrasa, na mwezi wa Ramadhani msiwachoshe waliofunga wala msigawe soda mbele yao. Mtoto akikuuliza kuhusu Yesu, mjibu kwa ukweli na upole, usikwepe. Lakini usimwongoze sala ya toba kichochoroni, wala usimwambie afiche jambo lolote nyumbani. Wapo ndugu watakaosema huo ni woga. Mimi naamini kwamba Injili inayohitaji kumtenga mtoto na mama yake kwa siri haifanani na ile niliyoipokea. Tena kumbuka tunaishi wapi: tangu yalipogunduliwa makaburi ya waumini walioshawishiwa kufunga hadi kufa huko Shakahola mwaka 2023, katika kaunti jirani ya Kilifi, mzazi yeyote wa Pwani, Mkristo au Mwislamu, ana haki ya kuuliza kanisa linafanya nini na mwanawe, na kanisa safi haliudhiwi na swali hilo.

Umeandika "wavulana" tu, nami najiuliza dada zao wako wapi wakati huo. Mradi wa Skateistan, ambao si wa dini, ulianza Kabul mwaka 2007 na ukawapata wasichana wengi kwa kuwatengea siku zao na walimu wa kike. Kama kuna akina dada wawili kanisani walio tayari kujifunza, anzeni nao.

Sasa jambo ambalo watu wa kanisa hupenda kuliruka. Kule kuaminiana kunakokifungua kinywa cha mtoto pale ukingoni ndiko pia anakokutafuta mtu mwenye nia mbaya, na huduma ya michezo humpa mlango mpana. Wasiwepo chini ya watu wazima wawili wasio wa nyumba moja kila mara uwanja unapofunguliwa. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, asimpeleke nyumbani peke yake kwa pikipiki, wala asimwandikie faraghani kwa simu. Picha za watoto zisipigwe wala kutumwa kwa wafadhili bila idhini ya wazazi. Ikitokea mtoto akasema ameguswa au ametendewa ubaya, iwe nyumbani au kanisani kwenu, kikao cha wazee si mahali pa kulimaliza: pigeni 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, au mwende kwa afisa wa watoto au polisi siku hiyo hiyo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 humlinda mtoto, na haimkingi mhubiri.

Kuhusu rampu, mwambie mfadhili asante, na kwamba bado. Mvulana ambaye hajajua kusimama na kuanguka kwenye sakafu bapa hana la kufanya kwenye mteremko ila kuumia. Uwanja wa skeitibodi wa Kitintale huko Kampala ulianza mwaka 2006, na vijana wa hapo walitia mikono yao katika kuujenga. Wanaouteleza wanajua kila ufa wake. Fedha za mfadhili zitafaa zaidi zikinunua helmeti na kinga za vifundo vya mikono na za magoti, na fundi wa kuupiga niru laini upande mmoja wa uwanja wenu. Kama uwanja ni wa kabro, yaani matofali ya saruji yaliyopangwa, tazameni maandishi ubavuni mwa magurudumu: yakisema 99A ni magumu, na kila kiungo cha kabro kitautikisa ubao na kuyachosha magoti ya wanaoanza, ilhali magurudumu laini ya kati ya 78A na 87A hupita hapo bila taabu. Upepo wetu wa chumvi hula beringi za magurudumu haraka sana. Zitoeni kila mwezi, zisafisheni kwa spiriti, zikauke kabisa, ndipo mtie kila moja tone la mafuta ya cherehani. Na ubao usilale nje kwenye umande, kwa maana ni tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na ukinywa maji hupinda na kupoteza mruko wake.

Mkono wa yule mvulana ulivunjika, nadhani, kwa namna ambayo mikono mingi huvunjika katika mchezo huu. Gurudumu dogo hukutana na kokoto, ubao husimama papo hapo, mwili huendelea mbele kwa mwendo ule ule, na mkono hunyooshwa kuipokea ardhi. Uzito wote huishia kwenye kifundo. Mzee yeyote asiseme kwamba ilikosekana imani. Kilichokosekana ni ufagio na mafunzo. Fagieni uwanja kwa chelewa kila mara kabla ya kuanza. Siku ya kwanza ya kila mtoto ubao uwekwe kwenye nyasi, mahali usipobingirika, naye ajifunze kukunja magoti, kujishusha, kutoinyoosha mikono ikakakamaa, na kubingirika kwa bega. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kwamba walio chini ya miaka 5 wasipande kabisa, na kwamba wa miaka 6 hadi 10 wasimamiwe kwa karibu wakati wote, na mimi nashika ushauri huo bila kulegeza. Helmeti ya bodaboda ni nzito mno kwa kazi hii. Helmeti yoyote iliyopata pigo kubwa itupwe, hata kama haionyeshi ufa, kwa sababu povu la ndani likishabonyea huenda lisiukinge ubongo mara ya pili.

Mtoto akipiga kichwa, mchezo wake umekwisha siku hiyo, hata akisema yuko salama. Akitapika zaidi ya mara moja, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida, akiumwa kichwa kinachozidi, akishikwa na degedege, au mboni za macho zikitofautiana kwa ukubwa, mpelekeni hospitali mara moja, ikiwa ni Coast General au iliyo karibu zaidi yenye kitengo cha dharura. Mkono uliopinda, uliovimba haraka au wenye vidole vilivyokufa ganzi ufungwe kwa ubao mwepesi kama ulivyo, bila kunyooshwa wala kukandwa, na uende kupigwa picha. Msimpitishe kwanza kwa mkandaji. Tena kabla ya kuendelea, mwombe mhudumu wa afya mmoja kutoka kanisani au mtaani awafundishe huduma ya kwanza ana kwa ana, kwa kuwa haya hayatoshi kusomwa.

Sasa yule mama. Msingoje arudi, mfuateni nyinyi. Nenda wewe pamoja na mama mmoja mtu mzima wa kanisani, bila mfadhili, bila kamera. Usianze na maombi. Anza kwa kumuuliza mkono unaendeleaje, kisha msikilize mpaka amalize, hata kama anasema kwa hasira, maana mwanawe alitoka nyumbani akiwa mzima akarudi amevunjika. Mweleze bila kupunguza ni nani alikuwa akisimamia siku ile, mvulana alikuwa na kinga au hakuwa nayo, na mmebadilisha nini tangu hapo. Na kama hamjabadilisha kitu, msifungue uwanja mpaka mmebadilisha. Muulize matibabu yaligharimu kiasi gani, kama familia imesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na kanisa libebe sehemu yake bila kuombwa mara ya pili. Usimwombe amrudishe mtoto. Kama yeye mwenyewe atauliza, mwambie kwamba ruhusa ya kupanda ubao tena itatoka kwa daktari, na kwamba kabla ya hapo, akipenda, mwanawe anaweza kuja kushika daftari la zamu kwa mkono ulio mzima. Nendeni kabla ya Jumamosi hii.